Indy 500: nimkalishe wapi mzee wangu, fundi wa Datsun?

Mwana wa Nakuru

Habari zenu wapendwa. Naishi Columbus, Ohio, huu ni mwaka wa tisa. Mwezi wa tano mwanzoni baba yangu anakuja kunitembelea kutoka Nakuru, mara yake ya kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki, na nimeamua nimpeleke Indianapolis akaone Indy 500, zile mbio kubwa za magari. Kutoka kwangu ni mwendo wa saa tatu kwa gari, kwa hiyo kufika si shida. Shida ni siti.

Nimefungua ramani ya uwanja mara nyingi mpaka naiota. Majukwaa ni mengi kama mitaa: Paddock, Stand A, Stand B, E, J, Tower Terrace, halafu kila kona ina jukwaa linaloitwa Vista. Nikiuliza wenzangu kazini, kila mmoja anasifu pale babu yake alipokuwa akikaa. Hawajui mimi nampeleka nani.

Basi niwaeleze. Baba ana miaka 72. Amekuwa fundi magari miaka 38. Alianza akiwa kijana wa kushika tochi na kupokeza spana kwenye gereji moja pale mjini, na Safari Rally ikija wakati wa Pasaka, mafundi wakubwa walikuwa wanampeleka barabarani kuangalia magari yakipita. Mpaka leo ukitaja jina la Shekhar Mehta anaacha chai ipoe. Atakuhesabia ushindi wote watano, 1973, halafu 1979 mpaka 1982 mfululizo, na gari lilikuwa Datsun gani kila mwaka. Joginder Singh, dereva mwingine wa Safari, anamtaja kwa heshima kama mtu wa ukoo wetu.

Mbio za uwanjani hajawahi kuziona kwa macho. Mimi pia bado. Goti lake la kushoto ni bovu, ngazi anapanda polepole akishika chuma. Anameza dawa ya presha, na jua kali la mchana linamchosha siku hizi. Macho na masikio bado mazuri kabisa.

Nilikuwa nimeshika wazo la kununua safu za chini kabisa Kona ya 1, karibu na barabara, ili magari yapite puani. Nimeweka akiba ya tiketi mbili nzuri, ila si zile za vyumba vya vioo. Kabla sijalipa, nisaidieni ninyi mliokwisha kaa pale.

---

Mtanga wa Indy

Ndugu yangu, kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Pili, usinunue safu za chini. Nakuomba sana.

Mimi ni dereva wa malori, nakaa hapa Indianapolis, upande wa magharibi. Mwaka wangu wa kwanza, 2023, nilifikiri kama unavyofikiri wewe. Nikanunua chini, mstari mnyoofu wa mbele, hatua chache kutoka kwenye wavu. Nilichokiona ni rangi. Gari la kwanza likija unalisikia, ukigeuza shingo limeshapita. Magari yale yanapita pale kwa zaidi ya kilomita 360 kwa saa, na raundi nzima ya kilomita nne wanaimaliza kwa sekunde 40 hivi. Mbele yako kuna ukuta wa zege na juu yake wavu wa nyaya nene, na ukikaa chini unatazama kupitia ule wavu kwa pembe, basi nyaya zinajipanga kama pazia. Baada ya raundi 20 nilikuwa sijui nani anaongoza, shingo inauma, nikawa natazama skrini kubwa kama mtu aliyebaki nyumbani. Raundi ya mwisho mwaka ule Josef Newgarden alimpita Marcus Ericsson upande wa pili wa uwanja, wakielekea Kona ya 3. Niliona kwenye skrini. Halafu nikasikia watu wa upande ule wakilia kwa furaha na mimi nimeshachelewa.

Nitasema kwa haki: baada ya bendera ya kumaliza mbio Newgarden alisimamisha gari, akapita kwenye tundu la wavu akaingia katikati ya watu, na wale wa chini ndio walimgusa. Hilo la chini linalo. Lakini ni dakika mbili katika saa tatu.

Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza ni kupanda. Kadiri unavyokuwa juu, ndivyo wavu unavyoshuka chini ya macho yako na uwanja unavyofunguka. Ukiwa juu kwenye Kona ya 1 unaona magari yakitoka mbali mstari wa mbele, yanaingia kona, yanakatiza ule mstari mfupi wa kusini mpaka yanapotelea Kona ya 2. Hapo ndipo mbio zinakuwa na hadithi. Unaona dereva anavyojisogeza nyuma ya mwenzake, anavyotoka kwenye kivuli cha upepo wake, yaani pale nyuma ambapo gari la mbele linamkingia upepo, na kama atawahi kabla ya kona au atakata tamaa.

Ila usitegemee kuona uwanja wote. Hakuna siti inayofanya hivyo. Mle ndani katikati kuna miti, majengo, makumbusho, hata mashimo manne ya gofu yamo ndani ya uwanja. Kila mtu anachagua kipande chake na mengine anayapata kwenye skrini na redio.

Sasa swali ni kipande kipi. Mimi baada ya 2023 nilihamia Kona ya 3, jukwaa la Northeast Vista, juu. Mwaka 2024 mvua ilinyesha kabla ya mbio, tukaambiwa tushuke, tukasubiri karibu saa nne nzima, kwa sababu kwenye uwanja wa duara magari haya hayakimbii barabara ikiwa na maji. Nilikaa ndani ya lori la jamaa yangu nikiwa nimelowa mpaka soksi, maana Vista hazina paa. Mbio zilianza saa kumi jioni imeshapita. Lakini raundi ya mwisho, Pato O'Ward alishika uongozi Kona ya 1, na wakaja moja kwa moja kwangu, na Newgarden akampita kwa nje pale Kona ya 3 mbele ya macho yangu. Nilikumbatiana na mtu ambaye mpaka leo simjui jina. Miaka miwili mfululizo ushindi umeamuliwa kona ileile, nyuma ya uwanja, mahali ambapo watu wengi wanaona ni pa watu wa pesa kidogo.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa Kona ya 3 na nitabaki pale. Kwa mzee wako, hata hivyo, nasita. Northeast Vista iko kaskazini-mashariki na unatazama kusini-magharibi. Maana yake jua la mchana wote liko usoni. Mbio zinaanza saa saba kasorobo mchana. Hapa Indiana saa zimesogezwa mbele, jua linafika utosini karibu saa nane kasorobo, kisha linaanza kuanguka upande uleule unaotazama. Mtu wa presha, hapana.

Kabla sijakuambia nunua wapi, nijibu jambo moja. Mzee akitazama mbio, anatazama nini? Dereva, gari, au kazi ya mafundi? Siti inatoka kwenye jibu hilo.

---

Bi Likoni

Kaka Mtanga amesema kweli kuhusu safu za chini na kuhusu jua. Kuhusu Kona ya 3 siko naye. Kona ya 1 nayo ina yake. Mwaka 2021 Hélio Castroneves alimpita Álex Palou kwa nje wakiingia Kona ya 1, zimebaki raundi mbili, akapata ushindi wake wa nne. Mwaka 2025 Palou naye alimpita Ericsson palepale, zimebaki raundi 14, akashinda. Mimi na mume wangu na watoto tulikuwa Stand B mwaka huo, tukaona yote bila skrini.

Na kuna kitu hakisemwi vya kutosha: mwanzo. Magari 33, safu 11 za watatu watatu, yanakuja pamoja mstari mnyoofu yakielekea kwenye kona moja yenye nafasi ya kupita magari mawili, matatu kwa bahati. Stand B unayaona yote hayo yanakujia kutoka kushoto. Kifua kinatetemeka. Mwanangu wa kiume alinishika mkono, na ana miaka 13, wa umri ule ambao hawashiki tena mkono wa mama. Kona ya 3 wanafika wameshajipanga kidogo.

Kwa mzee, mimi ningetazama mambo ya mwili kwanza. Majukwaa ya mstari wa mbele kwa nje, yaani Paddock, A na B, yako upande wa magharibi, mnatazama mashariki. Asubuhi jua linawapiga usoni, lakini likishapita utosini linakwenda nyuma yenu, na nusu ya pili ya mbio mnatulia. Paddock na Stand A zina ghorofa ya juu, na safu za nyuma za chini zimekaa chini ya ile ghorofa, kwa hiyo kivuli kipo na mvua ikija mnajikinga. Lakini angalia nguzo! Ghorofa inashikwa na nguzo, na kuna siti ukikaa nguzo inakata kipande cha barabara. Usinunue kivuli bila kuuliza kuhusu nguzo.

Sehemu nyingi mnakaa kwenye benchi la aluminiamu. Nunua vitakio viwili vyenye mgongo. Kwa mzee wa miaka 72 kitakio kile ni muhimu kuliko jina la jukwaa. Na vizuia sauti vya masikio. Masikio mazuri ya mzee yalinde, usimwachie aseme amezoea gereji. Mnaruhusiwa kuingia na chakula na maji yenu, kwa hiyo mfungie chakula anachokizoea. Sisi tulibeba mahamri na mbaazi, na majirani wa siti wakaomba kuonja.

---

Mwana wa Nakuru

Asanteni sana. Nimesoma nikamwita baba kwa simu jana usiku, kwake ilikuwa asubuhi. Nikamuuliza swali la Mtanga kama lilivyo: ukitazama mbio, unatazama nini?

Alinyamaza kidogo. Halafu akaniambia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika hadithi zake zote. Alisema magari ya Safari alikuwa anayaona sekunde kumi, vumbi, basi. Kilichomfanya awe fundi ni kile alichokiona gari likisimama. Timu ilikuwa imetandika turubai kando ya barabara, gari likaja limejaa tope, na watu wanne wakaingia chini yake kila mmoja kwa upande wake bila kusema neno. Mmoja alitoa shokomzoba iliyokufa na kuweka nyingine wakati dereva anakunywa maji. Baba alikuwa ameshika tochi ya gereji yake, hana kazi pale, anatazama tu. Alisema, "Hawakugongana hata mabega." Akarudia mara mbili.

Kisha akaniuliza: "Huko unakonipeleka, nitawaona mafundi?"

Kwa hiyo Mtanga, hilo ndilo jibu. Sasa naona kwenye ramani kwamba Tower Terrace iko nyuma kabisa ya piti, pale magari yanaposimama kuhudumiwa. Je, ndiyo hiyo?

---

Mtanga wa Indy

Ndugu, umenifanya nisimamishe lori nikusome vizuri.

Kama ni mafundi, basi sahau kona zote. Ni mstari wa mbele, na ubishi unabaki kati ya upande wa ndani na upande wa nje. Ngoja nikueleze jinsi kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu mzee atakuuliza na ni vizuri uwe na jibu.

Kazi kuu inafanywa na watu sita wanaoruka ukuta. Wanne wa matairi, kila mmoja na gurudumu lake, mmoja wa mafuta, na mmoja anayechomeka bomba la hewa nyuma ya gari. Gari lina jeki zake ndani, hewa ikiingia linajiinua lenyewe. Kila gurudumu linashikwa na nati moja tu. Tofauti na Formula 1, hapa wanajaza mafuta wakati wa mbio, tangi la lita 70, na muda wa kusimama unaamuliwa zaidi na mafuta kuliko matairi. Sekunde saba, nane, tisa, gari limeondoka. Katika mbio nzima kila gari linaingia mara tano au sita, na wakiingia kwa pamoja chini ya bendera ya njano, ile inayopunguza kasi ya wote kukiwa na ajali au hatari, unaona timu ishirini na zaidi zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kwa mzee wako, hiyo ndiyo mbio.

Sasa, barabara ya piti iko ndani ya uwanja, na magari yanasimama yakiwa yameuegemea ukuta kwa upande wao wa kushoto. Tower Terrace iko nyuma ya ule ukuta. Ukikaa pale uko karibu, unasikia bunduki za kufungulia nati, unaona bomba la mafuta likiingia, maana mafuta yanaingia upande wa kushoto wa gari. Lakini mafundi unawaona migongo, na vifaa vyao, meza na mitungi vinasimama kati yako na gari. Na unatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia saa nane mchana jua liko usoni mpaka mwisho. Nimewahi kukaa pale siku ya mazoezi. Ni pazuri mno kwa saa moja.

Upande wa nje, Paddock au Stand A, mnatazama kwa kuvuka barabara ya mbio. Ni mbali kidogo, lakini mkiwa juu mnaona barabara yote ya piti imetandazwa kama meza. Na mnaona upande wa kulia wa gari, upande ambao wale mafundi wawili wa matairi ya nje wanafanyia kazi wakiwa wazi kabisa, hawana ukuta nyuma yao, magari mengine yanapita karibu na visigino vyao. Hao ndio wenye kazi ngumu kuliko wote. Wa nje wa mbele anasubiri gari limjie, anapiga magoti kabla halijasimama vizuri. Mzee atamtambua mara moja.

Jambo la mwisho. Nafasi za piti zinachaguliwa kwa kufuata matokeo ya kufuzu. Wenye kasi kubwa huchagua mwanzo, na nafasi zinazopendwa ni zile za karibu na mlango wa kutokea, upande wa Kona ya 1, maana hakuna gari mbele ya kukuzuia ukiondoka. Kwa hiyo timu za kupigania ushindi nyingi utazikuta upande wa kusini. Mimi ningenunua Stand A, juu ya nusu, kipande kinachoelekea kusini. Mnapata piti mbele yenu na mlango wa Kona ya 1 kuliani, basi hata Bi Likoni atakuwa ameshinda kidogo.

Kona yangu ya 3 mtaiona kwenye skrini. Nimekubali.

---

Bahati wa Goma

Mimi nimefanya kazi ya kuelekeza watu kwenye siti siku ya mbio, miaka mitatu. Nataka niseme habari ya ngazi, kwa sababu wote wanasema panda juu, panda juu, na papa yule ana goti.

Nimeona wazee wengi. Wanafika vizuri, wanapanda na nguvu ya asubuhi. Shida inakuja saa ya kwenda choo. Choo kiko chini. Mzee anaangalia zile ngazi, anaamua asinywe maji ili asishuke. Halafu saa tisa mchana tunamwona kichwa kinazunguka. Kwa mtu wa presha hiyo ni hatari, na nimeiona mara mbili kwa macho yangu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usichukue safu ya juu kabisa. Juu ya nusu, kama Mtanga alisema, inatosha, wavu hautamsumbua. Chukua siti ya mwisho ya safu, ile ya kando ya ngazi, upande ambao goti lake zuri litakuwa linapanda kwanza. Watu watakuwa wanapita, ndiyo, watamwomba asimame mara nyingi. Lakini ni afadhali kuliko yeye kuvuka miguu ya watu kumi na tano. Mwambie mapema kwamba kushuka si aibu, na mshuke pamoja wakati wa bendera ya njano, kabla watu wengine hawajaamka. Isipokuwa kama anataka kutazama piti wakati huo, basi mshuke raundi kumi baada ya hapo, wakati magari yametawanyika.

Kama goti ni baya sana siku hiyo, kuna nafasi za watu wenye shida ya kutembea, lakini hizo unaomba wakati wa kununua tiketi. Ukifika mlangoni siku ile umechelewa, na sisi tunaumia kumwambia mzee kwamba hatuna pa kumweka.

Na angalia tiketi imeandikwa mlango namba ngapi. Uwanja ni mkubwa sana. Kila mwaka nakutana na familia imeingia mlango wa upande mwingine kabisa, na inabidi watembee nusu saa kwenye jua na watoto. Wengi wao ni wageni wa mbali, kama sisi.

---

Bi Likoni

Bahati, Mungu akubariki. Hilo la maji sikuliwazia kabisa.

Mwana wa Nakuru, umesema baba anafika mwezi wa tano mwanzoni? Basi kabla ya mbio kuna siku za mazoezi karibu wiki mbili. Tiketi yake ni ya bei ndogo sana, na siku hizo majukwaa kadhaa yanaachwa wazi mnakaa mnapotaka. Mpeleke siku moja. Aone safu ipi goti linakubali, aone jua linavyotembea, asikie sauti kabla ya siku ya watu laki tatu. Magari ni yaleyale, kasi ni ileile, na mafundi wanafanya mazoezi ya kubadilisha matairi. Pengine mzee atafurahia siku hiyo kuliko hata mbio.

Kwenye kununua: siti nzuri za Paddock na A zinashikwa na familia zinazozihuisha kila mwaka, wengine tangu enzi za babu zao. Ukikosa dirishani usivunjike moyo, wapo wanaouza zao kwa njia halali. Ila usilipe mtu wa mtandaoni asiyekuonyesha namba ya safu.

---

Mwana wa Nakuru

Ndugu zangu, nimenunua. Stand A, juu ya nusu, kipande cha kusini, siti mbili za kando ya ngazi. Niliuliza kuhusu nguzo, nikaambiwa hakuna mbele yetu. Mtu aliyeniuzia alikuwa na siti hizo kwa miaka mingi, mwaka huu ana harusi ya binti yake. Nilipomwambia kwamba namleta baba aliyekuwa fundi Kenya, aliniandikia kwamba kutoka pale mke wake alikuwa anahesabu sekunde za kila kusimama kwa saa ya mkononi na kuandika kwenye daftari.

Nikamwambia baba hilo. Leo ameniambia amenunua daftari pale mjini. Amelichora safu: namba ya gari, raundi, sekunde, na safu ya mwisho ameiandika "makosa".

Ana swali moja, na ameniagiza niwaulize ninyi kwa sababu mimi sijui. Akiwa amekaa pale Stand A, magari yataingia piti yakitokea mkono wake wa kushoto au wa kulia? Anataka kujua ashike kalamu vipi asikose la kwanza.

---

Mtanga wa Indy

Mwambie kushoto. Wanazunguka kinyume cha saa, wanatoka Kona ya 4 kushoto kwake, wanashuka kwenye piti wakipunguza kasi, na wanaondokea kulia kuelekea Kona ya 1. La kwanza kuingia litakuwa karibu raundi ya 30, au mapema zaidi bendera ya njano ikitoka. Awe na daftari magotini kuanzia raundi ya 25.

Nami siku hiyo nitakuwa kwangu Kona ya 3. Mbio zikiisha msikimbilie gari, foleni ya kutoka ni ndefu na mtachoka bure. Nitakuja mpaka ngazi za Stand A. Nataka kulisoma hilo daftari.